Nilivyoibana Sauti ya Mama

Mama yangu mzazi alikuwa na sauti ndogo. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa ndogo kama kaa la moto lililofunikwa na majivu, na aliyetaka kuisikia ilimbidi asogee. Alikuwa akiimba bihozo, yaani zile nyimbo za Kirundi za kubembelezea watoto, na katika mtaa wetu wa hapa Rumonge hakuna aliyezijua nyingi kama yeye. Niliporudi kutoka Somalia katika ulinzi wa amani, nikiwa na akiba yangu kidogo, nilifungua studio ya kurekodi nyuma ya nyumba, nikamwahidi mama kwamba yeye ndiye atakayekuwa mwimbaji wangu wa kwanza. Ahadi niliitimiza. Namna nilivyoitimiza ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo, kwa maana wako wenzangu wengi wa jeshi na wa polisi ambao, wakistaafu ama wakirudi safari na fedha mkononi, wao wenyewe au watoto wao huitamani kazi hii. Na kila anayenijia huanza na swali lile lile: "Afande, tununue priampu gani, na kompresa gani?"

Hapana budi nieleze kwanza vyombo hivi ni nini, maana hata mke wangu aliposikia neno kompresa alidhani nimefungua karakana ya kujaza upepo magurudumu, akafurahi sana, kwa kuwa kazi hiyo ina wateja kila siku.

Mtu anapoimba mbele ya maikrofoni, sauti yake husukuma utando mwembamba uliomo ndani, na utando ule huzaa umeme. Umeme huo ni mdogo mno. Mwimbaji mpole mbele ya maikrofoni ya kawaida hutoa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya volti, au hata chini ya hapo, na kompyuta haiwezi kuupokea ukiwa katika hali hiyo. Priampu ndiyo inayoukuza. Mafundi hupima ukuzaji huo kwa desibeli, na hesabu yake si ngumu: kila desibeli 20 ni kuzidisha mara kumi. Desibeli 40 ni mara mia moja, desibeli 60 ni mara elfu moja. Jambo ambalo muuza duka hakunieleza ni kwamba chombo hiki hakina akili ya kuchagua. Kikizidisha sauti ya mama mara elfu moja, kinazidisha mara elfu moja pia mnong'ono wa umeme wake chenyewe, na jogoo wa jirani, na mashua yenye injini inayopita ziwani.

Kompresa kazi yake ni nyingine. Yenyewe hukaa kama mlinzi mlangoni. Unaiwekea kizingiti, na sauti yoyote inayopanda juu ya kizingiti hicho inabanwa. Ukiiagiza ibane nne kwa moja, basi mwimbaji akipaa desibeli 8 juu ya kizingiti, zitakazotoka ni 2 tu. Unaiagiza pia ishike kwa haraka gani na iachie kwa haraka gani. Kisha, kwa kuwa sauti iliyobanwa imepungua, unainyanyua yote kwa pamoja ili ijae. Msomaji ashike neno hilo la mwisho, "yote kwa pamoja", kwa sababu ndipo nilipoangukia.

Kompresa zimo za namna nyingi, na zenye sifa kubwa duniani ni mbili za Marekani zilizotengenezwa katika miaka ya 1960. Moja ni LA-2A, ambayo ndani yake kuna taa ndogo inayoangaza juu ya kitu kinachohisi mwanga. Sauti ikipanda, taa hung'aa zaidi, na mwanga huo ndio unaoamuru sauti ipungue. Kwa sababu mwanga na kihisi chake havina pupa, chombo hicho hubana taratibu kama mkono wa mama anayemlaza mtoto. Ya pili ni 1176, aliyoitoa Bill Putnam mwaka 1967, nayo ni ya kasi ya ajabu. Inaweza kushika sauti kabla hujapepesa jicho, na ina vitufe vya kubana nne, nane, kumi na mbili na ishirini kwa moja. Mimi sikununua hata moja kati ya hizo. Bei zake si za watu wa mwambao huu. Nilinunua kwa fundi mmoja wa Bujumbura chombo cha chuma kilichoigwa kutoka kwenye hiyo ya kasi, chenye kioo cha manjano na mshale unaochezacheza. Nikiri kwamba nilinunua mshale. Nilipouona ukiruka na kurudi kwa kila neno, nilijiona fundi tayari.

Fedha ile ilikuwa ya bati. Mke wangu alikuwa ameiweka kando kwa ajili ya paa la jikoni, na nilipomwambia nitaileta mara mbili yake baada ya miezi sita, alinitazama tu, kisha akasema, "Haya, baba watoto, wewe ndiye uliyeteseka nazo." Jikoni paliendelea kuvuja misimu miwili ya mvua.

Siku ya kumrekodi mama nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kwenye gwaride. Nilikuwa na maikrofoni ya kondensa, ile inayohitaji volti 48 kutoka kwenye priampu, ambayo husikia hata kucha ikigusa meza. Chumba kilikuwa kitupu: kuta za matofali, sakafu ya saruji, dirisha moja linaloelekea ziwani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, hivyo jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Upande wa pili, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Rumonge, kulikuwa na kinu cha mawese kinachofanya kazi. Nilimkalisha mama kwenye kiti, nikaiweka maikrofoni mbali naye kiasi cha urefu wa mkono, maana nilikuwa nimesoma kwamba pumzi ya mwimbaji ikigonga utando huharibu kazi. Priampu yangu ilikuwa ya bei rahisi. Niliipandisha hadi mwisho, sauti ikawa bado ndogo. Basi nikashusha kizingiti cha kompresa chini kabisa, nikaiweka kubana nane kwa moja, nikanyanyua matokeo. Mshale ukalala desibeli 15 na kukaa huko.

Katika hedifoni sauti ya mama ilinijia kubwa kuliko nilivyopata kuisikia maishani. Nilitokwa na machozi. Aliimba nyimbo tisa kwa saa moja na nusu, akachoka, akaomba maji. Sikuhifadhi sauti isiyobanwa. Yote ilipita ndani ya chombo kabla ya kufika kwenye kompyuta. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la ndagala, akauliza, "Mbona humsogezi mama karibu na hicho kitu? Watu wa nyumbani wote humsogelea ndipo wamsikie." Nilimjibu kwamba kazi hii ina elimu yake.

Mama alifariki mwaka uliofuata.

Siku ya kuondoa matanga ndugu waliomba wasikie sauti yake. Tulitoa spika kubwa nje, chini ya mwembe, watu wakanyamaza. Kilichotoka kwenye spika ile sikukitazamia. Kila alipovuta pumzi ilisikika kama mivukuto ya mhunzi. Kila alipomaliza mstari, katika ule ukimya ambao ndio utamu wenyewe wa bihozo, jenereta ilipanda kutoka chini na kujaza uwanja mzima, kisha ikazama tena alipoanza kuimba. Neno lake na pumzi yake na kinu cha jirani, vyote vilikuwa vya kimo kimoja. Mjomba wangu, mzee asiyejua unafiki, aliinama kwangu akauliza taratibu, "Mwanangu, mama yako alikuwa na pumu?"

Hakuwa na pumu. Nilikuwa nimembana mimi.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kuielewa hesabu yake, nami naiandika hapa waziwazi. Mama alipoimba, kompresa ilimpunguza kwa desibeli 15. Mimi nikanyanyua yote kwa desibeli 15 ili kufidia. Alipokuwa anaimba, basi, hakuna kilichoongezeka. Lakini aliponyamaza, kompresa iliachia, haikuwa na cha kubana, na zile desibeli 15 za kufidia zikabaki zinafanya kazi juu ya ukimya mtupu. Jenereta iliongezwa zaidi ya mara tano, na mnong'ono wa priampu yangu dhaifu vilevile. Na kwa kuwa nilikuwa nimerekodi kupitia chombo chenyewe, hakuna fundi awezaye kuirudisha sauti ile ilivyokuwa. Mafuta yakishachanganyika na mchanga hayachujiki.

Tazameni sasa swali la mke wangu pale mlangoni lilikuwa na thamani gani. Sauti inayotoka kinywani hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Kutoka vidole vinne mbele ya mdomo, yaani kiasi cha sentimita 8, hadi urefu wa mkono, sentimita 64, umeuzidisha mara mbili mara tatu: 16, 32, 64. Umepoteza desibeli 18. Kwa hiyo kama ningemsogeza mama tu, ningepata bure sauti kubwa kuliko ile niliyoipigania kwa fedha za bati. Jenereta ingebaki pale pale ilipokuwa, kwa kuwa yenyewe haikusogea. Kuhusu pumzi kugonga utando, dawa yake ni kuigeuza maikrofoni kidogo pembeni mwa mdomo, au kuitandia kitambaa chepesi mbele.

Tangu hapo nimerekodi watu wengi. Kwaya zinakuja Jumamosi, vijana wa kaswida wanakuja baada ya sala, wafanyabiashara wa sokoni wanataka matangazo. Na usiku wa mbalamwezi, wakati taa za wavuvi hazivutii samaki na mitumbwi imelala ufukweni, wavuvi wenyewe wanakuja kuimba, tena hao huimba kwa nguvu za watu waliozoea kupiga kelele juu ya maji. Kila mmoja kati yao amenifundisha kitu kuhusu vyombo hivi viwili, na sasa naweza kulijibu lile swali la wenzangu bila kuona haya.

Priampu ichague kwa ajili ya sauti dhaifu. Mvuvi hana haja nayo. Kwake priampu yoyote inafaa, maana desibeli 30 zinamtosha. Mwimbaji mnong'onaji ndiye anayeonyesha chombo kizuri na kibaya. Ukienda dukani nenda na maikrofoni yako, iwe ni ile ile utakayoitumia. Ichomeke, vaa hedifoni, pandisha kitufe hadi unaposikia vizuri mtu akiongea polepole umbali wa shibri moja, kisha mwambie anyamaze. Kile unachokisikia sasa ndicho unachokinunua. Kikiwa ni mvumo kama mvua juu ya majani, rudisha rafuni. Kwenye karatasi za watengenezaji utakuta tarakimu ya mnong'ono wa ndani ikiandikwa chini ya sufuri. Yenye 128 chini ya sufuri ni safi, yenye 120 itakusumbua kwa waimbaji wapole. Siku hizi vile visanduku vidogo vinavyounganishwa na kompyuta vina priampu ndani yake, na vingi vyao ni vizuri kuliko nilichokuwa nacho mimi. Huna sababu ya kununua priampu ya peke yake kabla hujakishinda uwezo kisanduku chako.

Maikrofoni ya kondensa niliiuza. Unyevu wa ziwa uliiingia, ikaanza kutoa milio kama chumvi iliyotupwa motoni, na hata ilipokuwa nzima ilisikia mno kwa chumba kama changu. Sasa natumia Shure SM58, ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu 1966 na ambayo msomaji ameiona mikononi mwa wahubiri na wanasiasa wote. Haihitaji volti 48, inavumilia vumbi na jasho, na haijishughulishi na kinu cha jirani ikiwa mdomo uko karibu. Gharama yake ni kwamba inataka priampu yenye nguvu, desibeli 60 kwa mwimbaji mpole. Priampu ikishindwa, kuna vidude vidogo vinavyowekwa katikati ya waya ambavyo hutumia zile volti 48 kuongeza desibeli 20 na ushei. Nimekuwa nacho kimoja, nacho kimenisaidia kuliko ile kompresa ya kioo.

Kompresa sasa. Ushauri wangu utawaudhi wauza vyombo: usinunue. Kompyuta yako inazo ndani ya programu ya kurekodi, na tofauti yake na ya chuma ni kwamba ile ya kompyuta unaweza kuiondoa kesho. Zamani, katika siku za utepe, mafundi walikuwa na sababu ya kubana wakati wa kurekodi, kwa kuwa utepe una mvumo wake na sauti ndogo ilimezwa humo. Kompyuta inayorekodi kwa biti 24 haina shida hiyo. Acha nafasi, sauti kubwa kabisa ya mwimbaji ifike desibeli 10 au 12 chini ya ukomo, na usiogope kwamba picha ya sauti kwenye kioo inaonekana nyembamba.

Baadaye, ukiwa umetulia, bana kidogo. Mimi huanza na mbili au tatu kwa moja, na mshale usilale zaidi ya desibeli 3 hadi 6. Ikishika haraka mno, herufi kama p, t na k zinafifia, na Kiswahili kikikosa herufi hizo kinakuwa kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Basi naichelewesha kidogo ili mwanzo wa neno upite kabla mlango haujafungwa. Kiongozi wa kaswida anayetoka chini hadi juu kwa pumzi moja naye ana dawa ya zamani: mkono. Napunguza na kuongeza mstari mmoja mmoja, kazi ya kuchosha, nusu siku kwa wimbo mmoja, lakini hakuna mashine inayojua kwamba neno fulani ni jina la Mtume na sharti lisikike. Vijana wanaotaka sauti ya Bongo Fleva wao hubanwa sana kwa hiari yao, na nawapa wanachotaka. Mtindo wao umejengwa juu ya hilo, nami si mzee wa kugombana na wateja.

Nchi hii ina muziki mmoja ambao nadhani uwekwe mbali na kompresa kabisa. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi hapa Burundi muziki ambao kampuni ya Ocora ya Ufaransa iliutoa kwenye santuri. Dunia ilizishika ngoma zake, zile zile ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu. Lakini humo humo kuna inanga ya kunong'ona. Mpigaji hanyanyui sauti hata kidogo. Ananong'ona maneno, na mlio wa nyuzi chini yake ndio unaoupa mnong'ono ule panda-shuka ya wimbo, mpaka msikilizaji anaapa kwamba mtu anaimba. Mnong'ono wa binadamu na mnong'ono wa mtambo vinafanana sana. Ukikuza kwa priampu chafu umevichanganya, ukibana umevilinganisha, na wimbo umekwisha. Niliposikiliza kazi ile niliwaza kwamba mama alikuwa wa ukoo huo, naye alihitaji chumba kimya na mtu wa kumsogelea.

Chumba chenyewe nimekitengeneza kwa godoro. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika mitaa ya chini, tulihama usiku. Mimi nilibeba kompresa kichwani kama mtu aliyebeba jeneza la mtoto, mke wangu akabeba godoro kuu la pamba lililokuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya mwimbaji. Kompresa ile niliiuza mwezi uliofuata na jiko likaezekwa. Godoro tunalo hadi leo.

Mwaka jana mama mdogo, ndugu yake mama, alikuja kutoka Nyanza-Lac kututembelea. Nilisubiri umeme urudi usiku, kinu kimelala, nikamkalisha mbele ya godoro, vidole vinne kutoka kwenye maikrofoni, kompresa hakuna. Mke wangu aliketi sakafuni karibu naye ili mama mdogo awe na mtu wa kumwimbia. Aliimba nane kati ya zile tisa. Pumzi zake ni pumzi za mzee aliyepumzika, na baina ya mistari unasikia ukimya, na ndani ya ukimya, kwa mbali sana, mawimbi.

Wa tisa hakuujua. Alisikiliza rekodi ya mama mara tatu, akiwa ameinamisha kichwa, akijaribu kuyapata maneno chini ya jenereta, kisha akavua hedifoni. Alisema wimbo ule dada yake alikuwa ameutunga mwenyewe, nadhani kwa ajili ya mmoja wetu, naye hakupata kufundishwa. Faili lile bado liko kwenye kompyuta. Mara kwa mara nalifungua usiku, napunguza ukimya wake kwa mkono, pengo moja baada ya jingine, na nimefika ubeti wa pili.